Laptopu ya kudumu kwa kazi za programu: ni ile ngumu au ni ile inayofunguka?

#1 Kobe Mpole
Wakuu salaam. Kazi yangu ni kuandika programu, zaidi upande wa seva, kwa hiyo muda wote Docker, ile ya kuendesha programu ndani ya kontena, inawaka, hifadhidata mbili tatu ziko hewani, edita, na brauza yenye kurasa kibao ambazo sitaki kuzifunga. Nahamahama sana, mashine inaishi begini. Nataka kubadilisha hii ya sasa na masharti yangu ni mawili tu, isizidi kilo moja na nusu na inivushe miaka mitano au sita.

Sasa kabla hamjaanza kunitajia majina, msimamo wangu ni huu: watu wanachanganya laptopu ngumu na laptopu inayodumu. Inayodumu ni ile ambayo kikifa kitu kimoja unafungua, unakitoa, unaweka kingine, maisha yanaendelea. Hizi zenye bodi ya aluminiamu inang'aa halafu RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, imelehemiwa na betri imegandishwa kwa gundi, hata ziwe ngumu vipi, umri wake umeshapangwa kiwandani. Anayebisha aje na hoja.

#2 Nyuki01
Naweka kiti hapa. Watu wa tufaha la Apple wakiamka huu uzi hautalala.

#3 Bisibisi
Mleta mada umeongea ukweli mtupu. Mimi fundi, mashine nazifungua kila siku ya Mungu. Chukua ThinkPad T480 ya Lenovo, ya 2018, ulale usingizi. RAM nafasi mbili, SSD ya kuhifadhia unabadilisha, kibodi inabadilika, betri ziko mbili, moja ndani moja nyuma, na ile ya nyuma unaichomoa mashine ikiwa inawaka wala haizimi maana ya ndani inashika zamu. Vipuri vimejaa kwa sababu makampuni yalizinunua kwa wingi halafu yakaziachia zikaingia mtumba. Nitajieni laptopu mpya ya leo itakayokupa yote hayo.

#4 dada_terminali
Bisibisi heshima yako kaka, ila T480 ukiifunga ile betri kubwa ya nyuma inavuka kilo moja na nusu vizuri tu, na mwenzio ametaja uzito kwenye mstari wa kwanza kabisa.

Mimi niko na MacBook Air yenye chipu ya M1, ile iliyotoka Novemba 2020, kilo 1.29, haina feni kabisa. Hebu lifikirieni hilo. Feni ndiyo kitu pekee kinachozunguka ndani ya laptopu ya siku hizi, inavuta vumbi, inachoka, inaanza kukoroma. Yangu haina cha kukoroma. Nafanya kazi siku nzima chaja nimeiacha nyumbani. Sijawahi kuifungua na sijawahi kupata sababu ya kuifungua, sasa huko kufunguka kungenisaidia nini?

#5 Kobe Mpole
Dada RAM ngapi hiyo? Na SSD ikifa?

#6 dada_terminali
GB 16. Ikifa nitalia, ila bakapu ninayo.

#7 Popo_Usiku
Hahaha hapo kwenye "nitalia" ndipo mleta mada anaposimamia. Kwenye hizo Air hifadhi iko palepale kwenye mazabodi, ile bodi kuu, ikifa umebadilisha mazabodi nzima na prosesa yake na RAM yake. Halafu umesema 16, je wale waliochukua ya 8 wakaambiana "8 ya Mac inatosha"? Apple wenyewe Oktoba 2024 wakapandisha Air zote zianzie 16. Aliyechukua ya 8 wiki moja kabla ya hapo hana pa kuongezea, mashine nzima kabisa, kioo kizima, betri nzima, lakini kontena nne zimemshinda. Hiyo nayo ni kufa.

#8 Mzee wa Vim
Mnazunguka mbuyu vijana. Kinachoua laptopu ya mwandishi wa programu ni joto, haya ya bisibisi na gundi yanakuja baadaye.

Mtu ananunua kitu chembamba ndani kimewekwa prosesa ya H, ile daraja la wati 45, kwa sababu muuzaji kamwambia ina nguvu. Akianza kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu, dakika mbili za kwanza inapaa, ya tatu inapunguza mwendo yenyewe kujiokoa, anabaki na kelele na mapaja yanaungua. Bora prosesa ya U, wati 15, ndani ya bodi yenye nafasi ya kupumua.

Na joto hilohilo ndilo linakula betri. Laptopu inakaa kwenye chaja mwaka mzima, chaji asilimia 100, iko moto, unategemea nini? Niliwahi kushika mashine ya rafiki yangu, tachipadi imegoma kubonyezeka upande mmoja, yeye alishaanza kutafuta tachipadi nyingine. Nikaiweka juu ya meza ya kioo nikaigusa kona, ikacheza. Tumbo limetuna. Kufungua chini, betri imevimba imefura inasukuma tachipadi kwa juu na kifuniko kwa chini. Angekaa nayo zaidi ingekuwa habari nyingine.

Weka kikomo cha chaji asilimia 80. ThinkPad ukiwa na Linux unaandika 80 kwenye charge_control_end_threshold chini ya /sys/class/power_supply/BAT0, au unaachia TLP, programu ya kusimamia umeme, ifanye, Dell nyingi za ofisini mpangilio uko kwenye BIOS, ile mipangilio unayoingia kabla mfumo haujawaka. Fanya hivyo halafu ndiyo uje tujadili chapa.

#9 Ndezi
Nunueni desktopu mbebe mgongoni, inafunguka yote.

#10 Nyuki01
@Ndezi na jenereta nani atabeba?

#11 Kijiti
Mbona mnajisumbua, tafuta iliyoandikwa MIL-STD-810. Hiyo imethibitishwa na jeshi la Marekani, unaidondosha, unaipeleka vumbini, jotoni, inadunda tu. Hoja imeisha.

#12 shangazi_kernel
Kijiti mwanangu haijaisha. MIL-STD-810 ni waraka wa wizara ya ulinzi ya Marekani unaoeleza namna ya kupima vifaa, toleo la H ni la 2019. Hakuna ofisi ya jeshi inayogonga muhuri kwenye laptopu yako. Kampuni inachagua yenyewe vipimo ipime vipi, ikipima vitatu au kumi na viwili tangazo linasomeka lilelile. Na chukua kile cha kudondosha kwa mfano, kuna madondosho 26, kila uso, kila ukingo na kila kona, lakini waraka unaruhusu kuyagawa kwa vifaa hadi vitano. Kwa hiyo inawezekana hakuna hata kimoja kilichoanguka mara 26.

Simaanishi ni uongo. Omba orodha ya vipimo walivyofanya, usinunue jina la waraka.

#13 Mtoto wa Java
Shangazi ameshusha nondo 🙌

#14 Kijiti
Nimekupata shangazi. Ila bado iliyopimwa kidogo naiamini kuliko ambayo haikupimwa kabisa.

#15 Bisibisi
Kudondoka mnakutaja sana kumbe wengi wanaokuja kwangu mashine haijawahi kugusa sakafu. Inaletwa imefungwa na mkanda wa gundi, mwenyewe anasema "ilikuwa inafunguka kwa shida kidogo". Nikitoa kava unakuta bawaba ni nzima, ya chuma, imekaza kupita kiasi, na zile nati ndogo za shaba nyeupe zilizozamishwa kwenye plastiki zimeng'oka na vipande vya plastiki vimezishikilia. Chuma kigumu kimefungwa kwenye plastiki laini, kila ukifungua kioo kinang'oa kidogo. Chapa siitaji, maana hata kwa kampuni moja toleo la ofisini linakuwa zima na toleo la nyumbani linakuwa hivyo.

Kipimo changu kabla ya kununua: ishike kona moja ya mbele uinyanyue hewani, sikiliza kama inalia. Halafu ifungue kwa kidole kimoja. Kama mwili wote unanyanyuka pamoja na kioo bawaba ni ngumu, kwenye bodi ya plastiki hiyo iache, kwenye magnesiamu au aluminiamu haina shida sana.

#16 Mzee wa Vim
Hii ya kona nimeijaribu sasa hivi kwa yangu imelia. Asante kwa kuniharibia siku.

#17 Mtoto wa Java
Wakubwa kwa nini asichukue T480s? Ni nyembamba, kilo 1.32, mambo yote ya T480 yamo, RAM nafasi mbili, uzito umeisha.

#18 Bisibisi
Hapana mdogo wangu, T480s nafasi ya RAM ni moja, nyingine imelehemiwa. Na ile betri ya nyuma ya kuchomoa haipo. Hiyo herufi s mwishoni imeondoa nusu ya sababu za kuinunua.

#19 Kijiti
Na nyinyi wa T480 mbona hamsemi kwamba Windows 10 iliisha msaada 14 Oktoba 2025 na hizo za zamani haziingii Windows 11?

#20 shangazi_kernel
T480 inaingia, mpaka wa Windows 11 kwa prosesa za Intel ni kizazi cha 8 na T480 nyingi ndiko ziliko, ila kuna zilizotoka na kizazi cha 7 kwa hiyo soma prosesa usisome stika ya nje. Inayobaki nje ni T470 kurudi nyuma. Ukiweka Linux hayo yote hayakuhusu.

Na kwa kuwa mmeifanya T480 kuwa malaika: ThinkPad za rika hilo zilikuwa na kasoro kwenye femuwea, ile programu ya ndani ya chipu, ya Thunderbolt inayotumia pot ya USB-C, Lenovo walitoa apdeti wakaiita ya lazima. Isipowekwa pot ya USB-C inaweza kuacha kufanya kazi na hapo inabidi uhangaike na chipu yenyewe. Ukinunua mtumba hiyo ndiyo apdeti ya kwanza.

#21 Popo_Usiku
Niongeze hapo, na macho je? T480 nyingi za mtumba kioo ni 1366 kwa 768, mistari ya msimbo unaona kiganja tu halafu ukikaa pembeni rangi zinageuka. Usiponunua kwa makini unapata hiyo. Mashine mpya zimehamia 16:10, yaani 1920 kwa 1200 badala ya 1080, unaongeza pikseli 120 kwenda chini. Inaonekana ndogo kwenye karatasi ila ukishaizoea kurudi nyuma ni adhabu. Mtu anayekaa mbele ya msimbo saa nane, kioo nacho ni sehemu ya kudumu, kwa sababu macho hayabadilishwi kwa bisibisi.

#22 Bisibisi
Kioo cha T480 kinabadilishwa mkuu, unaweka 1920 kwa 1080 IPS, ile ambayo rangi hazigeuki ukikaa pembeni.

#23 Popo_Usiku
Nilijua utasema hivyo 😂 Wewe ukipewa nyumba mbovu utasema paa linabadilishwa.

#24 Tausi_X
Natoka nje ya T480 kidogo. Kama kuna siku utatengeneza apu ya iPhone hakuna mjadala, Xcode inakaa macOS tu. Lakini kwa kazi za mleta mada, chipu za M ni za usanifu wa ARM, na seva nyingi bado ni x86, usanifu wa Intel na AMD. Kontena iliyotengenezwa kwa amd64, yaani hiyo x86, itawaka kwenye Mac kwa kuigizwa, na ikiigizwa inakuwa nzito, nyingine zinaanguka bila maelezo. Kobe hilo ulipime kabla hujavutwa na betri ya siku nzima.

#25 dada_terminali
Hilo lilikuwa kweli sana 2021, leo picha (image) nyingi rasmi za Docker, vile violezo vya kontena, zinatoka kwa usanifu wote. Na seva za ARM zipo siku nyingi, AWS, klaudi ya Amazon, walianza na chipu yao ya Graviton 2018, mimi kazini tunapeleka ARM kwa ARM. Nitakachokubali ni hiki, M1 inaunga monita moja tu ya nje, hiyo ilinikera nikatafuta njia za panya.

Na Kobe, umesema hakuna cha kubadilisha kwenye Mac. Kwenye Air yangu pot za USB-C ziko kwenye kibao chao kidogo pembeni, zikifa kinabadilishwa kibao. Kwenye laptopu ngapi za hao mnaowasifia pot ya kuchajia imelehemiwa kwenye mazabodi?

#26 Kobe Mpole
Hiyo ni pointi nzito na sikuitegemea kutoka upande huo.

#27 Bisibisi
Nyingi. Anachosema dada ni sahihi, pot za USB-C zilizolegea zinanipa kazi sana. Kiwango chenyewe kinasema ivumilie kuchomeka na kuchomoa mara 10,000, tatizo mtu anatembea na laptopu mkononi waya unaning'inia, au anaiweka kitandani imelalia plagi. Zile zenye pot mbili mpaka tatu za kuchajia ni afadhali, moja ikifa unahamia nyingine.

#28 Fisi Mchana
Kobe kama imani yako ni kufunguka basi usizunguke, Framework 13. Ilianza kuuzwa 2021, kilo 1.3, bisibisi inakuja nayo ndani ya boksi, pot unachagua mwenyewe kama vijisanduku vya kuchomeka, na mazabodi ya kizazi kipya inaingia kwenye mwili uleule wa zamani. Walioanza na Intel wengine wameweka AMD humohumo.

#29 Mzee wa Vim
Nzuri. Sasa kipuri kikiwa kinatoka kwa kampuni moja tu, na hiyo kampuni haifikishi mzigo ulipo wewe, kufunguka kunakusaidia nini? Kinachomfanya Bisibisi aitetee T480 ni lundo la T480 zilizokufa zinazomlisha vipuri, hizo skrubu ni sababu ndogo. Laptopu inadumu pale ambapo mizoga yake ni mingi.

#30 Bisibisi
Hapo Mzee umenisoma mpaka mfukoni.

#31 Ndezi
Laptopu za mizoga. Nimecheka kwa sauti watu wamegeuka.

#32 Kilindi
Mimi nawashangaa wote. Mashine nzito iwe huko kwenye klaudi, wewe unabeba kitu chepesi chochote chenye kibodi nzuri unaingia kwa mbali kwa SSH. Ikianguka, ikiibiwa, ikilowa, unachukua nyingine, unaingia, unakuta kila kitu kilipo mpaka madirisha yako ya terminali kwenye tmux. Ya kudumu ni kazi yako.

#33 Popo_Usiku
Na mtandao ukikata katikati ya kazi ya haraka unaangalia terminali imeganda inakuangalia na wewe. Mimi hapana.

#34 Kilindi
mosh ipo mkuu, unaitumia badala ya SSH, mtandao ukirudi inaendelea.

#35 Popo_Usiku
"Ukirudi." Na usiporudi leo?

#36 Mtoto wa Java
Samahani nauliza, kwa anayenunua mtumba anakaguaje asibambikiwe? Mimi bajeti yangu hainiruhusu mpya.

#37 shangazi_kernel
Swali zuri. Usikague ukiwa umesimama na haraka. Kwanza ingia BIOS, ikidai nenosiri rudisha hapohapo, kwenye ThinkPad nenosiri la msimamizi la BIOS halifutiki kwa kutoa ile betri ndogo kama watu wanavyodanganyana. Ukiwa humo tafuta Absolute au Computrace, mfumo wa kufuatilia laptopu, kama imewashwa jua mashine inaweza kuwa inafuatiliwa na mwenye nayo wa zamani. Halafu hili wengi hawalijui, Windows iliyokwisha wekwa haikuonyeshi kitu, inabidi uweke upya na uiunganishe intaneti wakati wa kuweka, kama bado imesajiliwa Autopilot, huduma ya Microsoft ya kampuni kusimamia mashine zake, kwenye kampuni ya mtu itakudai akaunti ya kazi ya kampuni hiyo, na ukiifuta ukarudia itadai tena. Mac hivyohivyo, kufuli ya iCloud au ya usimamizi wa kampuni, hakikisha muuzaji ametoka mbele yako.

Betri kwenye Windows andika powercfg /batteryreport, linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa wa kujaa. Mac inakupa idadi ya mizunguko, Apple wamezipanga zibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 1000. SSD tumia programu ya smartctl uone asilimia iliyotumika na saa ilizowaka. Ukiona SSD ina saa chache na kibodi imeng'aa herufi zimefutika, diski ni mpya na mwili ni mzee, si vibaya ila bei iseme hivyo.

Na uwe na flashi yenye Linux, iwashie hapo, jaribu WiFi, sauti, kamera, na kuilaza usingizi na kuiamsha. Nusu ya ugomvi wa Linux na laptopu uko kwenye kulala na kuamka.

#38 Mtoto wa Java
Asante sana shangazi, nime-save.

#39 Fisi Mchana
Ongeza kukandamiza kila kitufe cha kibodi. Cha mshale wa juu hakuna anayekijaribu.

#40 Mzee wa Vim
Mshale wa juu wa kazi gani? hjkl za Vim zipo.

#41 Nyuki01
Alikuwa anasubiri hiyo tangu posti ya nane.

#42 Tausi_X
Kwa kuwa tumefika kwenye kibodi, ile chunusi nyekundu ya kusogezea kishale katikati ya kibodi ya ThinkPad kuna mtu anaitumia kweli? IBM waliiweka tangu 1992, mimi naona urembo.

#43 Bisibisi
Toka nje.

#44 Kijiti
Mimi naitumia, mkono hauondoki kwenye herufi. Na kibodi zenyewe zina matundu ya kupitishia maji chini, mtu akikumwagia kitu una nafasi ya kuizima. Siyo kinga ila ni nafasi.

#45 dada_terminali
Kwenye kibodi siwezi kutetea upande wangu, zile kibodi za MacBook za kipepeo za 2015 hadi 2019 chembe moja ya vumbi ilikuwa inaua kitufe, Apple walikubali kuzitengeneza bure. Za sasa ziko salama.

#46 Kobe Mpole
Wakuu nimesoma yote. Sijahama kwenye msimamo ila umepata nyufa. Nilichobaki nacho ni ThinkPad T14 ya kizazi cha 5 ya Intel, ya 2024, ambako nafasi mbili za RAM zimerudi, na upande mwingine Air yenye RAM ya GB 16 au 24. Ya kwanza nikiangalia miaka sita naiona, ya pili nikiangalia begi naiona. Hoja ya mizoga ya Mzee wa Vim inaniumiza kwa sababu T14 hiyo bado ni mpya, mizoga yake haijawa mingi.

#47 Mzee wa Vim
Subiri miaka mitatu makampuni yazitupe, ndiyo ununue.

#48 Kobe Mpole
Na hiyo miaka mitatu nitumie nini?

#49 Ndezi
Desktopu.

#50 dada_terminali
Air. Ukiichoka unaiuza bado ina bei, na hilo hakuna aliyelitaja humu ndani.

#51 Bisibisi
Itauzika kama betri bado nzima. Kobe, T14 nimeshaifungua, kava la chini linatoka bila vita na betri haina gundi. Hiyo 24 ya dada utaiongezaje mwaka wa nne?

#52 dada_terminali
Na wewe hiyo RAM ya GB 64 ambayo T14 inaweza kubeba ataijaza na nini?

#53 Popo_Usiku
Kurasa za brauza, amesema mwenyewe hafungi.

#54 Mgeni_22
Habari wakuu, mimi ni mgeni. Kwani kwa programu inchi 13 na inchi 14 ipi nzuri?

#55 Nyuki01
Mgeni karibu, fungua uzi wako tafadhali, huu umejaa.